Sura ya Sita: Amplifaya Kubwa Nyumbani

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, magharibi mwa Uganda, kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe. Mwezi Juni mwaka huohuo, mbali magharibi katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, ilizaliwa bendi ya OK Jazz. Treni ya Kasese iliacha kuja zamani. Gitaa la Kinshasa linakuja kila siku: kwa redio, kwa simu, na kwa watu wanaovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi, Beni na Butembo. Mpiga gitaa wa Kasese au wa Bwera, awe wa kwaya ya kanisa, wa bendi ya harusi au wa sebuleni kwake tu, amekulia ndani ya sauti hiyo. Mkono wa wapiga gitaa wa Kikongo Franco Luambo na Nico Kasanda umemfikia hata kama hajawahi kusoma majina yao popote.

Sura hii nimemwandikia mpiga gitaa mmoja miongoni mwao: yule aliyepata amplifaya kubwa ya valvu, ya wati 50 au 100. Huenda aliinunua kwa bendi iliyovunjika, huenda aliachiwa na mjomba wake. Iliundwa ijaze ukumbi, naye hana ukumbi. Anapiga jioni baada ya kazi, watoto wakisoma upande wa pili wa pazia na jirani akipika nyuma ya ukuta. Kila anayemtembelea humpa ushauri uleule: uza hilo, ununue dogo.

Mimi namwambia asiuze. Kwa muziki tunaoupiga upande huu wa milima ya Rwenzori, amplifaya yenye nguvu nyingi ni chombo kizuri cha nyumbani, mradi mwenyewe aelewe nguvu hiyo ni ya nini, ailishe umeme ulio salama, na awatendee haki majirani. Mambo hayo matatu nitayachukua moja baada ya jingine.

Kwa nini ziliundwa kubwa

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake kuna waya unaowaka mwekundu, sahani ya chuma, na kati yao wavu mwembamba. Waya ukipata moto, elektroni huruka kwenda kwenye sahani. Wavu ndio unaoamua zipite ngapi. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, nayo haikuwa na wavu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaanza kuongeza kiungo hicho cha tatu, na hapo ndipo ikawezekana ishara ndogo iongoze mkondo mkubwa. Gitaa la umeme linategemea jambo hilo hadi leo: mtikisiko mdogo wa waya juu ya sumaku unaongoza mamia ya volti, kisha transfoma ya mwisho inazigeuza kuwa nguvu ya kusukuma spika.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mpiga gitaa hakuwa na mtu wa kumwekea maikrofoni mbele ya spika yake. Vipaza sauti vya ukumbini vilikuwa vya mwimbaji, tena vilikuwa dhaifu. Gitaa lilipaswa kufika hadi mlango wa nyuma kwa nguvu zake lenyewe. Ndiyo maana Leo Fender wa California alipanda kutoka amplifaya za wati chache hadi Twin Reverb ya wati 85, iliyoingia sokoni mwaka 1963. Ndiyo maana Jim Marshall, mwuza ngoma wa Hanwell, London, alianza mwaka 1962 na amplifaya ya JTM45 iliyofuata mchoro wa Fender Bassman, na miaka michache baadaye alikuwa akiunda za wati 100 kwa ajili ya vijana wa bendi ya The Who waliotaka kusikika zaidi.

Afrika Mashariki nayo ilihitaji nguvu hiyo. Dansi letu lilipigwa kwenye baa za wazi na viwanja vya mji, umati ukicheza hadi usiku wa manane. Bendi za Kikongo zilizokuja mashariki zilibeba mtindo wa magitaa matatu: solo, mi-solo na ridhim, kila moja likihitaji mahali pake pa kusikika. Samba Mapangala alipita Kampala na Les Kinois katikati ya miaka ya 1970, akahamia Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga, kwa jina la milima ya volkano iliyo kusini mwa hapa. Orchestra Makassy nayo ilianzia Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko Dar es Salaam wanamuziki wengi walipiga kwa vyombo visivyo vyao. Vilikuwa mali ya chama, ya shirika au ya tajiri. Aliyeondoka kwenye bendi aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo mpiga gitaa anayemiliki amplifaya yake mwenyewe, hata ikiwa kuukuu na imechubuka, ana kitu ambacho wengi wa wakubwa wake katika kazi hii hawakuwahi kuwa nacho. Asikiachie kirahisi.

Hesabu ya wati na ya sikio

Ushauri wa kuuza unatokana na dhana kwamba wati 50 zina kelele mara kumi ya wati 5. Sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, badiliko ambalo mtu asiyetega sikio anaweza asilione. Ili wengi wetu tuseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima ipande mara kumi. Maana yake amplifaya ya wati 5 ikifunguliwa yote ina karibu nusu ya ukubwa wa sauti wa ile ya wati 50. Nusu ya kelele isiyovumilika ndani ya chumba bado ni kelele isiyovumilika.

Tazama spika yenyewe. Spika za gitaa za inchi 12 hupimwa kwa kupewa wati moja na kusikilizwa kwa umbali wa mita moja. Nyingi hutoa kati ya desibeli 97 na 100. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linasema masikio yanaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu. Kwa hiyo wati moja, ndani ya chumba cha kupanga, tayari ni nyingi kupita kiasi. Ukitaka kupiga kwa desibeli 80, kiwango kinachojaza chumba vizuri bila kuumiza, spika ya desibeli 100 inahitaji sehemu moja tu ya mia ya wati.

Kutokana na hesabu hiyo napata mambo mawili. La kwanza, amplifaya ndogo haikuokoi. Zote mbili zinabidi zishushwe sana. La pili, kwa kuwa zote zitashushwa, swali la maana ni ipi inasikika vizuri zaidi ikiwa imeshushwa. Jibu linategemea unapiga nini.

Usafi wa sauti ndio mali yetu

Wapiga roki wa Uingereza na Marekani waliipenda valvu kwa sababu ikisukumwa kupita uwezo wake haivunjiki ghafla. Inaanza kubana, kilele cha wimbi kinaviringika, sauti inanenepa na kukwaruza kwa namna inayopendeza. Ili waipate ladha hiyo kwenye valvu za mwisho walilazimika kufungua amplifaya karibu yote. Kwa mtu anayetafuta mkwaruzo huo, wati 100 chumbani ni mateso, na ushauri wa kununua ndogo una msingi.

Sebene, kile kipande cha gitaa cha kuchezea dansi katika muziki wa Kikongo, halitaki hivyo. Mkono wa Kikongo hupiga nyuzi mbili kwa pamoja, noti zikitembea sambamba, na kila pigo lazima lisikike mwanzo wake na mwisho wake. Ukiingiza mkwaruzo, noti hizo mbili zinasuguana na kuzaa sauti za tatu na za nne ambazo hukuzipiga. Wimbo unakuwa matope. Solo la Nico Kasanda linapendwa hadi leo kwa sababu kila noti yake inaonekana wazi, na Diblo Dibala alipolifikisha gitaa la soukous kwenye mwendo wa risasi, hata hapo noti hazikugandana.

Usafi huo unadai akiba ya nguvu. Pigo la gitaa lina kilele cha ghafla mwanzoni, kisha sauti inapungua. Kilele hicho kinaweza kuzidi wastani kwa desibeli 15 hadi 20. Tuseme unapiga kwa wastani wa desibeli 85: spika yako inatumia kama sehemu tatu za mia za wati. Kidole kikigonga kwa nguvu, kwa muda mfupi sana, amplifaya inaombwa mara mia ya hapo, yaani wati tatu. Ile ya wati 5 sasa imekaribia ukingo wake, na ukingo wa valvu hauna mstari mkali. Inaanza kubana kabla ya kufika. Ile ya wati 50 haijashtuka. Kilele kinapita kizima, na ndicho kinachokupa ule mlio wa kengele mwanzoni mwa noti.

Faida hii utaikuta hata ukipiga polepole, kwa sauti ambayo mtu aliye chumba cha pili anaendelea kuzungumza bila kupaza yake. Besi inabaki imara, akodi za noti sita zinafunguka, na kila tofauti ya kidole gumba na ya kidole cha shahada inasikika. Nguvu ya amplifaya, kwa mpiga sebene, ni nafasi ya noti kupumua. Kelele ni matumizi mengine tu ya nafasi hiyo.

Kushusha sauti bila kuiua

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni nobu ya sauti. Katika amplifaya nyingi za zamani, kati ya sifuri na mbili sauti inaruka kutoka kimya hadi kero, na unapata shida kusimama katikati. Anza na njia zisizo na gharama. Fender nyingi zina matundu mawili ya kuchomekea gitaa. Tundu la pili hupunguza ishara kwa desibeli 6, na nobu inakuwa tulivu zaidi. Punguza pia sauti kwenye gitaa lenyewe. Kama amplifaya yako ina matundu ya kutolea na kurudishia efekti, weka hapo pedali ya sauti au kiboksi kidogo chenye nobu moja. Kinakaa kati ya sehemu ya mwanzo ya amplifaya na valvu za mwisho, na kinakupa udhibiti wa taratibu ambao nobu ya mbele haikupi.

Njia ya pili ni spika. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja, badala ya 100, ina athari sawa na kukata nguvu ya amplifaya hadi sehemu ya kumi. Punguzo hilo unalipata bila kugusa chochote ndani ya amplifaya. Hakikisha tu spika hiyo inabeba wati za amplifaya yako na ina omu zinazolingana na tundu unalochomeka: 4, 8 au 16.

Kuna watu huondoa valvu mbili kati ya nne za mwisho wakidhani wamepata amplifaya ya nyumbani. Wamepunguza desibeli 3 tu, na wamevuruga ulinganifu wa omu. Kazi hiyo haina malipo.

Njia ya tatu ni kipunguza nguvu, kisanduku kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Kinafaa kwa yule anayetaka valvu za mwisho zifanye kazi kwa bidii. Ukikikaza sana, sauti inafifia makali yake. Ndugu yake ni kisanduku cha mzigo, ambacho hupokea nguvu yote na kupeleka ishara kwenye kompyuta au hedifoni, kikiiga mlio wa spika. Saa sita usiku hakuna kilicho bora kuliko hicho. Onyo moja lisisahaulike: usiwashe amplifaya ya valvu ukapiga bila spika wala kisanduku cha mzigo. Nguvu isiyopata pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya mwisho na inaweza kuiunguza, na transfoma hiyo ni kati ya vipuri vya bei kubwa kuliko vyote ndani ya amplifaya.

Halafu litengeneze sikio lako. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikishuka, sikio la binadamu hupoteza besi haraka kuliko sauti za katikati, na sauti kali za juu nazo hufifia. Ndiyo maana amplifaya iliyopendeza ukumbini inasikika nyembamba chumbani. Haijaharibika. Ongeza besi kidogo, ongeza kidogo sauti ya juu, tia mwangwi kiasi, na utaona chumba kimeongezeka upana. Kumbuka kurudisha mahali pake siku utakayoipeleka kanisani au harusini, la sivyo itanguruma.

Umeme wa mpakani

Hapa ndipo mpiga gitaa wa Bwera anahitaji uangalifu kuliko mwenzake wa Nairobi au London. Umeme wa Uganda ni volti 240 kwenye soketi ya Kiingereza yenye matundu matatu. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kongo inatumia volti 220 na plagi za pini za duara. Amplifaya iliyovuka mpaka inakuja na tabia za upande ilikotoka.

Angalia kwanza plagi. Ikiwa ni ya pini mbili za duara, usiishindilie kwenye soketi ya matundu matatu kwa kufungua tundu la juu kwa kalamu, kama tunavyoona watu wakifanya kwa chaja za simu. Amplifaya ya valvu ina chesisi ya chuma, na mkononi mwako una nyuzi za chuma zilizounganishwa na chesisi hiyo. Waya wa ardhi ndio unaokulinda hitilafu ikitokea. Mwite fundi aweke kebo ya nyaya tatu na plagi ya hapa yenye fyuzi, waya wa ardhi ukifungwa imara kwenye chesisi. Amplifaya za zamani sana zilitoka kiwandani zikiwa na kebo ya nyaya mbili; hizo zibadilishwe kabla ya kupigwa hata noti moja.

Kisha angalia nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Ikiwekwa 220 na kulishwa 240, waya wa ndani ya valvu uliokusudiwa volti 6.3 unapata karibu 6.9. Hapo uko kwenye ukomo wa asilimia 10 ambao watengenezaji wengi wa valvu huruhusu, na umeme ukipanda kidogo tu umevuka. Amplifaya ya Kimarekani ya volti 120 isiyo na swichi inahitaji transfoma ya kushushia, yenye uwezo wa kutosha. Ya wati 50 kwa spika huvuta wati 150 au zaidi ukutani, kwa hiyo transfoma ndogo ya kunyolea ndevu haitaweza.

Kuna jambo la umeme kushuka. Wilaya ya Kasese inazalisha umeme wake mzuri: kituo cha Bugoye pekee, kwenye maji ya mto Mubuku, kina megawati 13 na kilianza kazi mwaka 2009. Hata hivyo, mwisho wa laini ndefu, jioni kila nyumba ikiwa imewasha, volti zinaweza kuanguka. Zikifika 190, valvu inayotaka 6.3 inapata 5. Sauti inalegea, inakuwa dhaifu, na valvu haifanyi kazi katika hali iliyoundwa kwayo. Stabilaiza ni ununuzi wa busara, na unapaswa kutangulia pedali yoyote. Kwa wanaotumia sola, tafuta inveta inayotoa wimbi safi. Zile za bei nafuu zenye wimbi la ngazi huleta mvumo kwenye spika na kuitia transfoma joto. Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya. Unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Usifungue amplifaya mwenyewe. Ndani kuna volti 400 hadi 500, na kapasita zake hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi wa redio mzee, aliyefundishwa wakati wa valvu, anajua kuitoa chaji hiyo kabla ya kuweka mkono. Mtafute, mheshimu, na ikiwezekana mpelekee kijana ajifunze kwake. Valvu mpya zinaendelea kutengenezwa, kwa mfano na JJ Electronic huko Čadca, Slovakia. Elimu ya kuzifunga ndiyo inayoondoka na wazee.

Mwisho, inua amplifaya kutoka sakafuni. Wakazi wa bonde la mto Nyamwamba wanakumbuka mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020. Meza imara inatosha.

Chumba, mabati na jirani

Nyumba nyingi za kupanga Kasese na Bwera ni safu ya vyumba chini ya paa moja la mabati. Mara nyingi ukuta kati ya vyumba haufiki juu kabisa, na hakuna dari. Unaweza kuwa na tofali zilizopigwa lipu pande zote mbili, zenye uwezo wa kuzuia desibeli 40 au zaidi, na bado jirani akasikia kila kosa lako, kwa kuwa sauti inapanda, inagonga bati, na kushukia kwake. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kuweka pesa ni juu: dari ya mbao inayoziba ule uwazi. Pili ni mlango na dirisha. Mapazia mazito, godoro lililosimamishwa nyuma ya spika na nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako, lakini hayazuii sana kinachotoka nje.

Isogeze amplifaya mbali na pembe na ukuta, kwa kuwa kuta huongeza besi, na besi ndiyo inayosafiri kuliko zote. Iweke juu ya kiti na uiinamishe ikutazame usoni. Spika ya gitaa hurusha sauti kali mbele kwa mstari mwembamba. Ikiwa chini inapiga magoti yako, utaongeza sauti ili uisikie, na jirani ndiye atakayelipia. Ikiwa masikioni mwako, utajikuta unaishusha mwenyewe.

Uganda ina sheria juu ya jambo hili. Kanuni za taifa za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, usiku ukianza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kikomo hicho cha usiku ni cha chini kuliko mazungumzo ya kawaida. Baada ya saa nne, basi, ni hedifoni au gitaa lisilochomekwa. Lakini usingoje sheria. Mwendee jirani wa kushoto na wa kulia, mwambie saa unazopiga, muulize nani ana mtoto mchanga, nani anafanya kazi ya zamu ya usiku, nani ana mgonjwa. Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kabla mtu mwingine hajamjulisha. Kukiwa na msiba mtaani, funika amplifaya hadi watu wazike na watawanyike.

Kwa Bwera na Mpondwe kuna sababu nyingine ya kujihadhari, nzito zaidi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Mji ulioona hayo unalala sikio moja likiwa wazi. Mlio wa ghafla wa spika inayowashwa gitaa likiwa limechomekwa, au kebo inayochomolewa bila kushusha sauti, unaweza kumwamsha mama wa jirani na hofu ambayo haitamwacha hadi asubuhi. Shusha sauti hadi sifuri kila unapowasha, unapozima na unapobadilisha kebo. Ni tendo la sekunde mbili, na ni heshima kwa waliofiwa.

Neema yetu ni mvua. Upande huu tuna misimu miwili ya mvua kila mwaka, na mvua kubwa ikipiga mabati, hakuna anayemsikia mwenzake. Huo ndio wakati wa kufungua nobu zaidi ya kawaida na kuisikia amplifaya ikivuta pumzi yake yote. Ila radi ikianza, chomoa plagi ukutani na subiri.

Neno kwa mpiga gitaa

Bakonzo, watu wa Rwenzori, walikuwa na sauti kubwa kabla ya umeme. Endara, marimba yao makubwa, hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja na kusikika ng'ambo ya bonde, na kila mpigaji hulazimika kusikiliza wenzake ili mkono wake ukae mahali pake. Amplifaya ya valvu inadai nidhamu hiyohiyo kwa mtu mmoja.

Basi usiuze. Weka waya wa ardhi, nunua stabilaiza, ziba uwazi wa juu ya ukuta, zungumza na majirani, kisha kaa na gitaa lako na ufungue nobu kidogo tu. Piga polepole, kwa nyuzi mbili, na usikilize kila noti inavyoanza na inavyoisha. Fanya hivyo kila jioni hadi mkono wako uwe safi kama sauti ya chombo chenyewe. Na kijana wa mtaani akisimama mlangoni kusikiliza, mkaribishe ndani, mpe gitaa ashike. Kasese na Bwera zina haki ya kuwa na wapiga gitaa wao wenye sauti yao, na wanaweza kulelewa katika chumba kimoja cha kupanga.